Rungu la Makumbi na Boti ya Baba Zena

Kumbi la nazi likiwa bichi, ukiligonga linalia. Ukilifukia kwenye matope pale ufukoni Mtoni, ukaliwekea mawe juu, ukaliacha miezi, ukaja kulitoa na kuligonga tena, linanyamaza. Likinyamaza limeiva. Hapo lipige, litakupa usumba laini, nawe usokote kamba ya kufungia mbuzi au ya kufungia meli, upendavyo. Hiyo ndiyo elimu yangu. Skuli sikwenda. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nilisoma mpaka nilipoolewa, na hizi herufi ninazoandikia alinifundisha binti yangu Zena nikiwa na mvi tayari. Mkiona mstari umepinda, pindeni shingo msome.

Nawaandikia nyie vijana mnaonunua vitu kwa macho. Baiskeli mnainunua kwa rangi yake, saa kwa kung'aa kwake, na mke, haya, hayo tuyaache. Mie nimekaa kwenye makumbi tangu sijavunja ungo mpaka meno yalipoanza kunikimbia, na kosa kubwa kuliko yote nililifanya baada ya kuacha kazi. Sikulifanya kwa ujinga. Nililifanya kwa adabu. Ndiyo maana nataka mlijue, kwa sababu kosa la adabu mtu hasemwi nalo, basi halimfunzi.

Mume wangu, Baba Zena, alikuwa mtu wa mashine. Alifanya kazi katika boti kubwa ya bandarini, ile inayovuta matishari ya mizigo, toka Waingereza walipokuwa bado wageni hapa mpaka walipomwambia mzee, inatosha, nenda kapumzike. Kazi yake ilikuwa chini, tumboni mwa boti, penye joto na mafuta. Huko chini hakuna dirisha. Nahodha anakaa juu, naye akitaka kitu anavuta kamba, kengele inalia kule chini. Kengele moja, mbele. Kengele mbili, simama. Baba Zena anavuta wenzo, boti inakwenda asikokujua.

Siku moja, miaka mingi iliyopita, nilimuuliza, "Hivi lile lango la bandari, meli kubwa inapopita, lina upana gani?"

Akanitazama kama nimemuuliza habari za Uturuki. "Nitajuaje, Mama Zena? Nimepita pale maisha yangu yote, sijapaona."

Mie nilicheka. Yeye hakucheka. Ningekuwa na akili ningelishika neno lile siku ileile.

Basi alipopumzishwa, akapewa kiinua mgongo chake, nikadhani atanunua minazi miwili mitatu, akae. Akaja nyumbani ananukia manukato. Akasema, "Kuna Mzungu anarudi kwao. Anauza motaboti."

"Ya kuvua?"

"Ya kutembelea. Ina kijumba, Mama Zena. Ina godoro la kukalia, na dirisha la kioo mbele, unakaa ndani unashika usukani unaona mbele yote."

Niliona uso wake, nikajua tumekwisha kununua.

Lakini kiinua mgongo hakikutosha. Hapo ndipo mimi nilipoingia, na sitaki mtu aseme nilisukumwa. Mimi nilikuwa na mashimo yangu ya makumbi pale ufukoni, saba, yaliyokuwa ya shangazi yangu Bi Kidawa kabla yangu. Shimo la makumbi si tope tu. Ni lazima maji yajae na kutoka, lakini yasikimbie. Pawe na kivuli cha mikoko, lakini mizizi isiguse. Mahali pa hivyo pamehesabika, na kila mahali pana mwenyewe. Nilimpa Mwanahawa, mwenzangu wa kazi, yote saba, naye akanipa alichokuwa amejiwekea. Nikampa na rungu langu la kupigia, la mkwaju, kwa sababu nilisema mtu akiacha kazi aache na chombo chake.

Mwanahawa akalipima rungu mkononi. Ana ulimi yule, Mungu amhifadhi. Akasema, "Shoga, unaacha matope unakwenda kukaa kwenye godoro baharini kama bibi wa Kizungu. Haya. Siku boti ikikuzamisha, njoo. Nitakuajiri. Utanipigia makumbi yangu kwa ujira wa siku, na chai nitakupa."

Wanawake wote wakacheka. Nami nikacheka, lakini lilinichoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Boti ile ikifa, mie sina pa kurudi ila kwenye mashimo yangu mwenyewe, nikiwa kibarua. Kwa umri ule, mgongo ule, kwenye tope la kiuno. Nilijua hivyo siku ile, na nilikuwa nikijua hivyo kila asubuhi baada ya siku ile.

Tukaenda kuitazama. Mzungu mwenyewe alikuwa mrefu mwembamba, kazi yake kupima ardhi, na Kiswahili chake kilikuwa kinatembea kwa mkongojo lakini kinafika. Boti ilikuwa imefungwa kwenye gati dogo, nyeupe, na mstari wa bluu. Nzuri. Siwezi kusema uongo. Kijumba kimepakwa vanishi mpaka unajiona uso.

Sasa sikilizeni jinsi watu wenye heshima zao wanavyojipoteza. Yule Mzungu akaingia ndani, akatoka na nyundo ndogo. Akampa Baba Zena. Akasema, "Mzee, gonga. Gonga kila mahali. Chini ya kijumba mimi sijafungua miaka mingi. Sijui."

Baba Zena akaishika nyundo kama ameshikishwa mtoto mchanga asiye wake. Akasema, "Ah, bwana! Sisi tumeridhika."

"Gonga tu. Boti si yai."

"Tumeridhika, bwana. Kitu chako kizuri."

Mzungu akanigeukia mimi. "Mama?"

Mimi! Mimi niliyegonga makumbi maisha yangu yote, ninayejua kwa sikio moja kilicho kizima na kilichooza! Nilikuwa nimevaa kanga mpya, nimesimama kwenye gati la watu. Nikaona haya. Mtu anahama, anauza kipenzi chake, na wewe umgongee mbele ya macho yake kama unanunua nazi sokoni? Kwetu hatufanyi hivyo. Nikasema, "Kama mzee ameridhika, nami nimeridhika."

Mzungu akatutazama, akatikisa kichwa, akairudisha nyundo. Hakutudanganya yule mtu. Watu wengi baadaye walinitaka nimlaumu, nikakataa. Mtu akikupa nyundo mkononi ukamrudishia, amekwisha kukwambia yote.

Tukaileta boti Mtoni. Mwezi wa kwanza Baba Zena hakukaa nyumbani. Maji yakijaa utamwona ndani ya kijumba chake, hata haendi popote, ameketi kwenye godoro, anatazama kupitia kioo. Watu wanaopita kwenda njia ya Kilwa wanamsalimu, naye anawapungia kama gavana.

Mwezi wa pili akaanza kufua maji, kuyachota botini na kuyamwaga nje. Asubuhi anatoa ndoo mbili. "Boti zote hunywa kidogo," ananiambia. Haya. Baadaye ndoo tano. "Ni mvua hiyo." Mvua gani, hata wingu hakuna? Baadaye akawa anaondoka alfajiri, anarudi kanzu imeloa mpaka magotini, na haniambii idadi, nami simuulizi. Tulikaa hivyo wiki nzima, watu wazima wawili, tunapeana chai, kila mmoja anajua.

Nataka niwasimulie kitu kidogo hapa, kisha nirudi. Nilipokuwa msichana nilichoka kungoja. Nilikuwa na haraka ya kamba ya kuuza nikanunue shanga. Nikafukua makumbi ya shangazi Bi Kidawa kabla ya wakati wake, usumba ukatoka mgumu, mwekundu, unakatika. Bi Kidawa hakunipiga. Alinisokotesha usumba uleule mbovu mpaka viganja vyangu vikachubuka, kisha akaninyang'anya kamba akaivuta, ikakatika. Akasema, "Wewe uligonga?" Nikasema sikugonga. Akasema, "Macho yako yana tamaa. Masikio hayana tamaa. Uliza masikio." Basi.

Wiki ile ya chai na ukimya nikalikumbuka neno lile. Nikainuka, nikajifunga kibwebwe, nikaenda ufukoni kwa Mwanahawa. Alikuwa ndani ya tope mpaka mapajani.

"Shikamoo, bibi wa motaboti," akasema. Na sisi ni marika!

"Acha maneno, Mwanahawa. Niazime rungu."

Akalitazama rungu, akanitazama mimi. Akanifutia rungu kwa kanga yake, akanipa. Nikiwa naondoka akaniita, "Mama Zena. Lile shimo lako la kwanza kwenye mkoko, sijatia kitu."

"Kwa nini?"

"Nimesahau tu," akasema, akainama kwenye kazi yake.

Tukaivuta boti nchi kavu maji yalipojaa kabisa, watu kumi na kamba zangu mwenyewe za mwisho, juu ya magogo ya minazi. Maji yalipotoka ikabaki imeegemezwa, tumbo wazi. Nikaanza kugonga kutoka mbele. *Ko. Ko. Ko.* Ubao mzima unajibu. Nikaja mpaka chini ya kijumba. *Ko. Ko.* Kisha kimya.

Kumbi likinyamaza limeiva. Ubao ukinyamaza umekufa. Niligonga tena, nikigonga kama mtu anayebisha hodi kwa jirani huku akijua kwamba hayupo. Kimya upana wa mikono miwili. Rangi nyeupe nzuri inang'aa juu yake.

Baba Zena alikuwa amesimama nyuma yangu. Mtu aliyeishi kwa kusikiliza mashine hahitaji kuambiwa.

Tukamwita fundi Nassoro, mtu wa Kilwa, mtengeneza vyombo vya bahari. Akaingia, akafungua sakafu ya kijumba, akatoka na kipande cha mti mkononi, anakimega kwa kucha kama mkate.

"Mkuku ni mzima," akasema. Mkuku ndio uti wa mgongo wa chombo, nyie msiojua. "Na mashine ni nzima, mzee umeitunza. Lakini mbavu za katikati zimekwisha, na mbao za upande huu. Maji ya mvua yalikuwa yanaingia pembeni mwa kijumba, yanakaa chini ya godoro, hayaoni jua. Kuzifikia mbavu, kijumba kitoke."

"Kikitoka, ukimaliza utakirudisha?" Baba Zena akamuuliza.

"Nikirudishe juu ya nini? Nacho kimeoza miguu. Hicho kinasimama kwa vanishi, mzee."

"Na tusipokitoa?"

"Basi msiisogeze popote. Fugieni kuku."

Fundi akaenda zake kuswali, akatuachia maneno yake. Mimi nilijua la kufanya, na mkaidi kama mimi alikuwa na neno tayari mdomoni. Nikalimeza. Ile ilikuwa boti ya watu wawili, lakini kijumba kilikuwa cha mtu mmoja.

Kesho yake asubuhi akachukua birika la kahawa, akapanda ngazi, akaingia ndani ya kijumba, juu kule, nchi kavu, boti imelala juu ya magogo. Akaketi kwenye godoro. Akashika usukani. Mbele yake kioo, na mbele ya kioo ukuta wa nyumba ya jirani.

Watu hawana huruma. Mmoja akapita na baiskeli, "Mzee, safari ya wapi? Bombei?"

"Nafika ulipo wewe," akajibu, "halafu ninageuza, hapapendezi."

Wakacheka. Alikaa mpaka adhuhuri, akakaa mpaka alasiri. Chakula nilimpelekea huko huko, nikampa kwa dirishani. Sikumwambia shuka. Mtu aliyekaa bila dirisha maisha yake yote, akapewa moja kwa miezi mitatu, muache aage.

Alasiri akashuka, birika mkononi. Akaniambia, "Mama Zena, mwambie Nassoro akate."

Nikasema, "Sawa." Nikaingia jikoni, nikakoroga uji usiohitaji kukorogwa.

Kazi ilichukua muda. Nassoro alileta mbao mpya za mninga, akatia mbavu. Ilipofika kuziba nyufa, kile wanachoita kalafati, unachovya pamba katika mafuta, unaipigilia ndani ya ufa kwa patasi butu, taratibu, isijae sana ikapasua wala isipungue ikapenyeza. Nikamwambia, "Upande huu napiga mimi."

"Mama, kazi hii wanawake hawafanyi."

"Na kuzama wanazama?"

Akanipa patasi. Nilitumia rungu langu la mkwaju, lile la kuazima. Baada ya kiasi cha mkono mmoja alikuja akapitisha kidole juu ya kazi yangu, akaguna, akarudi upande wake. Kwa mtu wa Kilwa hiyo ni sifa.

Na mjue hili, huenda likawafaa: chombo kilichokaa juani mbao zake zimesinyaa. Ukikitia majini siku hiyo ukapanda, utaogelea. Kiache kinywe maji kwanza, kimefungwa kamba palepale kwenye maji kidogo, mbao zivimbe zishikane zenyewe. Baba Zena alikuwa na haraka. Nikamwonyesha viganja vyangu, zile alama za usumba mbovu bado zipo. Akaelewa. Tukangoja. Siku ya kwanza ndoo nyingi, siku ya pili chache, siku ya nne akaingiza mkono chini ya sakafu, akautoa, akanionyesha. Mkavu.

Basi siku ya safari. Boti haikuwa na kijumba tena. Ilikuwa wazi kama kombe, usukani umehamishiwa nyuma karibu na mashine, kile kioo cha mbele nimekichukua nimekitia kwenye ukuta wa jiko langu, kipo mpaka leo. Tunakwenda ng'ambo, upande wa Kigamboni, ambako Mwanahawa alitaka kuchukua makumbi kwenye mashamba, maana upande wetu yalikuwa yameadimika. Alikaa katikati, juu ya magunia matupu, ameshika pande zote mbili.

"Godoro liko wapi?" akauliza. "Nimeahidiwa godoro."

"Nyamaza ufue maji," nikamwambia.

"Maji yako wapi?"

Akatazama chini ya miguu yake, huku na huku. Hakuyaona. Basi akanyamaza kweli.

Baba Zena akazungusha hendeli, mashine ikakohoa, ikashika. Tukaondoka. Mie nilikuwa nimekaa mbele kabisa na rungu mapajani. Hatujafika mbali, naona tunaliendea fungu la matope, lile ambalo maji hulifunika kidogo tu; mie nalijua kwa miguu yangu, nimelikanyaga miaka mingi. Nikageuka nimpigie kelele. Unadhani namwona uso? Ameinama! Mkono mmoja kwenye usukani, sikio limeelekea kwenye mashine, macho yametazama sakafu. Miaka yote ile ya kulilia dirisha, na sasa hana hata ukuta mbele yake, na mtu anatazama miguu yake!

Kwa ile kelele ya mashine hakunisikia. Nikachukua rungu nikagonga ubao wa mbele, *ko, ko*. Mara mbili.

Mkono wake ukavuta wenzo kabla kichwa chake hakijajua. Boti ikasimama, fungu la matope likiwa mbele yetu kiasi cha kamba fupi. Mwanahawa akasema "Laa ilaha," pole pole.

Nikamwonyesha upande wa kugeukia, akageuza. Nikagonga mara moja. Tukaenda mbele. Akawa anacheka peke yake kule nyuma, mabega yanatikisika.

Tukatoka penye mikoko, maji yakawa mapana. Bado ameinama. Nikagonga mara tatu.

Akapunguza mashine. "Tatu ni nini? Tatu hatukuwa nayo!"

"Tatu," nikasema, "ni inua kichwa utazame."

Akainua. Kurasini ilikuwa kushoto na maghala yake, meli mbili zimetia nanga, na mbele kabisa lile lango la bandari, limefunguka, jua limelipiga lote. Akalitazama kwa muda mrefu, mpaka Mwanahawa akakohoa.

"Jembamba," akasema. "Mie nilidhani ni pana."